Usichapishe Jina Kwenye Jezi Mwezi wa Saba

Nina jezi moja ambayo siku hizi naivaa nikiosha pikipiki. Mgongoni ina jina la mchezaji ambaye sitamtaja, maana yeye hakukosea chochote. Aliyekosea ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa saba, ligi bado haijaanza, baridi ile ya Mbeya ya kutoa moshi mdomoni, na timu yetu inacheza mechi ya kirafiki na kombaini ya vijana wa mtaani. Winga mpya, kasajiliwa wiki ileile, akapiga tobo mbili, mpira katikati ya miguu ya mabeki, ndani ya dakika kumi, kisha akafunga goli kwa mguu wa kushoto kutokea pembeni ya boksi. Uwanja mzima ukasimama. Mpira ulipoisha nilipanda bajaji mpaka Mwanjelwa kwa kijana anayechapisha majina, nikamwambia aweke hilo jina na namba kumi na moja. Buku nane. Ligi ilipoanza yule winga alicheza mechi nne, zote akitokea benchi. Dirisha dogo lilipofunguliwa akapelekwa kwa mkopo timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Hadi leo mke wangu akiiona ile jezi kwenye kamba ananiuliza, "Huyu yuko timu gani sasa?"

Tangu mwaka ule naenda kwenye mechi za maandalizi na daftari, lile la kaunta la kurasa 96, na kalamu niliyoifunga kwa uzi ili isipotee. Vijana wananicheka, wengine wananiita mtu wa TFF, shirikisho la mpira. Wanicheke tu. Nataka kueleza ninachoandika humo, kwa sababu kila mwaka kuanzia mwezi wa saba nawasikia watu kwenye vijiwe vya Soweto na Kabwe hapa Mbeya wakimzika mchezaji au kumvika taji kwa sababu ya dakika arobaini na tano dhidi ya timu ambayo golikipa wake asubuhi alikuwa anaendesha bodaboda.

Kwanza magoli siyaandiki kabisa. Naandika dakika, nafasi, na alicheza na nani. Mchezaji fulani, dakika 30, beki wa kulia, pembeni yake nani, mbele yake nani. Kocha wa timu yoyote akiwa na wachezaji ishirini na tano wenye miguu, hugawa vikosi viwili, kimoja kipindi cha kwanza, kingine cha pili, kwani mechi ya kirafiki wanakubaliana kubadilisha hata wote kumi na moja. Kwenye ligi ana nafasi tano tu za kubadilisha. Kwa hiyo jukwaani sisi tunahesabu magoli, yeye pale chini anatafuta majibu ya maswali yake: huyu beki mpya anasikilizana na kipa? Namba sita, yule kiungo mkabaji, akipokea mpira akiwa ameligeuzia mgongo goli la wapinzani, anageuka au anarudisha? Ukiweka kumbukumbu za mechi tatu utaanza kuona mabeki wawili wa kati wanapangwa pamoja kila mara, hata wakihamishwa kipindi. Hao tayari wana namba, yaani nafasi ya kuanza, hata kama gazeti linasema bado wanagombea. Na yule mfungaji wako wa mabao manne, ukigundua kila siku anaingia dakika ya 60 na vijana wa timu B, mfikirie upya.

Lakini kuna kitu cha kwetu huku Nyanda za Juu ambacho watu wengi hawakipigii hesabu, nacho ni hewa. Mbeya mjini tuko juu ya usawa wa bahari kwa mita kama 1,700. Mtu aliyezaliwa hapa hajui kitu hicho ni nini, anapanda mlima na ndoo kichwani huku anapiga stori. Mtu aliyetoka Dar au Tanga anafika stendi, anabeba begi mpaka barabarani, anahema. Hewa ya huku ni nyepesi, kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo, na mwili unahitaji wiki kadhaa kuizoea. Halafu mpira nao unaruka kuliko alivyozoea. Pasi ndefu ambayo pwani ingedondoka kifuani kwa winga, hapa inampita na kutoka nje.

Hilo nilijifunza kwa aibu. Miaka michache nyuma alikuja beki wa kati, kijana mrefu kutoka pwani, na mechi yake ya kwanza pale uwanja wa Sokoine ilikuwa balaa. Pasi zake tano za kwanza zote zilitoka nje. Dakika ya ishirini alikuwa ameshika kiuno. Straika wa wapinzani, kijana mfupi wa Uyole, akampita kwa kasi mara mbili. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa juani na nikapiga kelele ambayo nadhani hata yeye aliisikia: "Mrudisheni kwao akavue samaki!" Watu wakacheka. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mstaafu, ana koti zito na kofia ya sufu, akanigeukia taratibu.

"Kijana wangu, huyu kafika lini?"

"Nasikia Jumanne, mzee."

"Na leo?"

"Jumamosi."

"Basi mwache aheme."

Hakuongeza neno, akaendelea kula karanga zake. Mwezi wa kumi yule beki ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikwa kwenye kikosi. Timu kutoka Dar zilipopanda huku, dakika ya 70 utaona wenzake wa upande wa pili wameshika magoti, yeye ndiyo kwanza anapanda kwenye kona. Mbele ya kila jina jipya kwenye daftari sasa kuna safu nyembamba: alitoka wapi, alifika lini. Kama hajamaliza wiki tatu, siandiki maoni yoyote. Wa Iringa, Njombe na Sumbawanga nawahukumu mapema, hawana kisingizio.

Na hata mwenyeji anaweza kukudanganya. Wiki za mwanzo timu zinapandishwa milima asubuhi, jioni ndiyo wanacheza. Ukimwona mtu ana miguu mizito, tafuta kwanza walifanya nini asubuhi. Mimi mara mbili tatu nimeamka nikaenda kuangalia mazoezi, na nawashauri mwende. Hakuna kiingilio, na mtu anayesemwa mvivu kijiweni unaweza kumkuta ndiye wa mbele kwenye kilima. Beba sweta.

Watu wataniambia kwamba kuna timu zinazoonyesha msimu wao mapema. Ni kweli. Julai 2024 Yanga waliwafunga Kaizer Chiefs mabao 4-0 kule Bloemfontein, Chiefs wakiwa chini ya Nasreddine Nabi, kocha wa zamani wa Yanga ambaye Jangwani wanamfahamu vizuri, na mwisho wa msimu Yanga wakabeba ubingwa. Mkeka wa kubeti ungetiki. Ila Chiefs haohao, ambao siku ile waliandikiwa wasifu wa marehemu, walimaliza msimu wakiwa na Nedbank Cup mkononi baada ya kuwafunga Orlando Pirates fainali. Na upande wa pili wa Kariakoo, kwa Simba, mambo yalishakuwa mabaya zaidi mwaka uliotangulia. Agosti 2023 Simba walichukua Ngao ya Jamii, taji la kufungulia msimu, pale Mkwakwani, Tanga, wakiwatoa Yanga kwa penalti, kipa Ally Salim akizipangua kama anafukuza nzi. Mashabiki wa Msimbazi hapa Mbeya walifunga barabara Mafiati. Novemba 5 mwaka uleule Yanga wakawafunga Simba 5-1, langoni mwa Simba alikuwa Aishi Manula aliyetoka kwenye majeraha, na siku chache baadaye kocha wao Robertinho akaondoka. Wakati wa Ngao nani angekuambia hivyo? Hata kipa aliyewabeba Agosti hakuwa na uhakika wa namba Novemba.

Kipa ndiye namuonea huruma kuliko wote. Winga akikosa namba kulia atajaribiwa kushoto, kiungo atakuwa kiraka, atapata dakika zake kumi hapa na pale. Kipa nafasi ni moja. Makipa watatu wanapiga jaramba pamoja, wanarushiana mipira, wanataniana, na wawili kati yao watakaa benchi miezi kumi. Kwa hiyo kwa kipa usitazame michomo aliyookoa kwenye mechi ya kirafiki. Tazama kama mabeki wanamrudishia mpira. Wakiona afadhali wapige nje kuliko kumrudishia, hapo hana namba, awe ameokoa penalti ngapi.

Ugonjwa wetu mwingine ni jina la Kariakoo. Timu zetu za huku hazina fedha za kujaza nafasi 12 za wachezaji wa kigeni zinazoruhusiwa kwenye Ligi Kuu, kwa hiyo ugombeaji wa namba mara nyingi unakuwa kati ya kijana aliyelelewa hapahapa na mtu aliyetemwa na timu kubwa ya Dar. Huyu wa Dar akigusa mpira mara moja tunapiga makofi kabla hajautuliza. Kijana wetu akikosea pasi moja, "bado mtoto huyo". Nakumbuka msimu wa 2013/14, Mbeya City wamepanda daraja, wachezaji ambao hata sisi wenyewe majina yao tulikuwa tunajifunza. Kwenye vijiwe walishashushwa daraja kabla ya mechi ya kwanza. Juma Mwambusi akawapanga vijana walewale, wakamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Azam ubingwa wao wa kwanza ilibidi waje kuuchukulia hapa Sokoine, Aprili 2014, kwa kutushinda 2-1. Nilikuwepo, nililia, na sioni aibu kusema. Hao ndio waliofanya Koma Kumwanya, kauli mbiu ya Mbeya City, isikike nchi nzima, na ndiyo maana timu ilipoanguka 2023 iliuma vile, na ilivyorudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26 wazee walitoka na vuvuzela.

Kama unaweka mikeka, mechi za kirafiki ziache. Sina la kuongeza hapo, hata kocha hajui atamtoa nani dakika ya 46.

Kitu cha mwisho ninachoandika ni kidogo sana, nakiwekea alama ya nyota pembeni ya jina. Mchezaji akipoteza mpira, anafanya nini sekunde tatu zinazofuata. Wengi mwezi wa saba wanainua mikono, wanamwangalia refa, wanatembea. Ni mechi ya kirafiki, nani atawalaumu. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunaongoza 5-0, zimebaki dakika nane, jua limeshajificha nyuma ya mlima, nusu ya mashabiki wameshaondoka kutafuta chipsi. Winga wa kikosi cha pili akanyang'anywa mpira kwenye kibendera cha kona cha wapinzani. Beki wa kushoto, kijana wa majaribio ambaye bado hajasaini hata karatasi na jezi yake haina namba, akarudi mbio kutoka kule mbele mpaka kwenye boksi letu, akateleza, akautoa nje. Hakuna aliyepiga makofi. Akainuka, akafuta tope magotini, akaenda kusimama kwenye nafasi yake.

Nimemwekea nyota mbili. Jumapili kijana wa Mwanjelwa akanipigia simu: "Mzee, jezi mpya zimeingia. Nikuchapie nani safari hii?"

Nikamwambia anitunzie moja, mgongoni aiache tupu mpaka mechi ya tano ya ligi.