Re: Riverbu inameza vokali
Mkuu, umeuliza kwa nini riverbu, yaani ule mwangwi wa kuongeza kwenye miksi, inakumezea vokali (sauti ya mwimbaji) hata ukishusha voliumu yake. Mara nyingi shida sio wingi, ni besi inayoingia humo ndani na mkia wa mwangwi usiokatika. Usiiweke juu ya treki yenyewe, tengeneza sendi (njia ya pembeni inayopokea nakala ya sauti), riverbu iwe weti asilimia 100 (mwangwi tupu, bila sauti kavu), halafu KABLA yake weka EQ (kichujio cha masafa ya sauti) ukate chini ya Hz 600 na juu ya Hz 10,000, hii ni mbinu ya zamani ya studio ya Abbey Road kule London na mpaka leo naiamini kuliko zote. Pridilei (muda wa kusubiri kabla mwangwi haujaanza) anza na milisekunde 20 mpaka 40 ili neno litoke kwanza ndo mwangwi ufuate.

Sasa envelopu (jinsi mwangwi unavyopanda na kushuka), hapa ndo patamu: baada ya riverbu weka kompresa (kifaa cha kushusha sauti inapozidi), saidicheni (ishara inayoiamrisha kompresa) ichukue kwenye vokali kavu, yaani akiimba mwangwi unashuka, akivuta pumzi unapanda wenyewe, rilizi (muda wa kompresa kuachia) anzia milisekunde 200 hivi alafu vuta taratibu kwa sikio kufuata tempo ya wimbo. Kwenye riverbu ya snea (ile ngoma ya mlio mkali kwenye drams) we weka geti tu (kifaa kinachofunga sauti ikishuka), mkia ukatike ghafla kama zile ngoma za mpiga drams Phil Collins za miaka ya 80.

Unatumia programu gani? Tuma skrinshoti ya mikisa tuione.