Nati ya tairi inazunguka haikazi

Kama nati ya tairi la mbele la Toyota Vitz inazunguka tu, tazama ncha ya stadi (bolti inayoshika nati). Ikizunguka pamoja na nati, meno ya shina la stadi yameachia habu (kitovu cha gurudumu). Ikitulia, tredi (mizunguko ya skrubu) zimekufa. Vyovyote vile, nunua stadi na nati mpya. Fungua kalipa na diski ya breki, zungusha habu hadi penye uwazi, gonga stadi ya zamani itokee nyuma. Ingiza mpya, meno yalingane, weka washa tatu nne, uivute kwa nati ya akiba uliyoigeuza, upande bapa ukilalia washa, mpaka kichwa kikae kabisa. Usiipigilie kwa nyundo! Stadi ya Toyota ni M12 x 1.5 (unene mm 12, nafasi kati ya tredi mm 1.5), ya Nissan nafasi ni 1.25, mafundi huzichanganya, tredi zinaliwa. Ukisharudisha tairi, kaza nati kwa nguvu ya 103 Nm, rudia kukaza baada ya kilomita 50 hivi.