Boksi Lisipande Basi Kabla Hujaona Salio

Ukiuza korosho zilizobanguliwa kwa WhatsApp au Instagram ukiwa Mtwara au Lindi, wateja wakubwa wako Dar, na boksi likishaondoka stendi, kama ya Mkanaledi pale Mtwara, huna tena cha kumshikia mtu. Matapeli wanalijua hilo. Ndiyo maana anayeagiza kilo 20 usiku mara nyingi "analipa" alfajiri, gari likikaribia kutoka, huku anapiga simu mfululizo: "Dada, nimeshatuma, wahi gari!"

Ujumbe wa kughushi huwa umeandikwa vizuri. Una jina, kiasi, hata namba ya muamala. Angalia kwanza umetoka wapi: wa kweli huingia kwa jina la huduma, kama M-PESA, palepale zilipo jumbe zako za zamani, si kwa namba ya 07 au 06. Kisha soma salio jipya. Tapeli hajui ulikuwa na shilingi ngapi, kwa hiyo ataliruka au atabahatisha. Hata ukiridhika, piga *150*00# (au menyu ya mtandao wako) uangalie salio mwenyewe. Picha ya skrini si malipo, hata akituma tatu.

Ghushi inaanza kuzoeleka. Inayoumiza zaidi ni pesa halali inayorudi ilikotoka. Mtu analipa kweli, anapokea mzigo, halafu anauambia mtandao alikosea namba. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti inaweza kuzuiwa. Siku hiyohiyo wapigie huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala, mazungumzo ya oda na picha ya stakabadhi ya basi yenye jina na simu ya mpokeaji. Stakabadhi hiyo piga picha kila safari, hata kwa mteja wa miaka yote. Karatasi ya basi hupotea kirahisi.

Na akikupigia mtu usiyemjua akiomba umrudishie pesa aliyokosea kutuma, usimtumie kwa mkono wako. Mwambie aombe mtandao wake urudishe muamala. Ukimtumia wewe, naye akaomba urejeshwe, zimetoka mara mbili.

Jina pia lina kazi. Aliyeagiza ni Asha, pesa imetoka kwa Juma: uliza kabla ya kufunga boksi. Huenda ni mumewe. Huenda pia Juma ameahidiwa simu ya bei poa na tapeli, akapewa namba yako alipie, na kesho atakulalamikia wewe. Mpigie Juma kwa namba iliyolipa, umuulize ananunua nini. Akisema simu, usitume kitu.

Chukua Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, yenye jina la biashara yako. Mteja huliona jina hilo kabla ya kuweka namba ya siri, basi kisingizio cha kukosea namba kinapungua nguvu.

Kwa oda za hapahapa mjini, kama Shangani au Ligula za Mtwara, kulipa mzigo ukifika ni sawa, ila nauli ya boda itangulie. Asiyetaka kutoa nauli hiyo kwa kawaida hapokei simu boda akiwa mlangoni.

Namba zilizokutumia ujumbe wa kitapeli ziripoti kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040 kabla hujazifuta.