Viatu vya ngozi vya jadi na mazingira

Ndugu, umeuliza kama viatu vya ngozi vya mafundi wa jadi ni rafiki wa mazingira kweli. Angalia kwanza ngozi imesindikwaje, kabla ya mkono ulioshona. Ngozi nyingi duniani husindikwa kwa chumvi za kromiamu, aina ya metali, kwa sababu kazi huisha haraka, lakini majitaka yake yasiposafishwa huchafua mito. Njia ya asili hutumia tanini, yaani kemikali ya asili inayozuia ngozi kuoza, kutoka magome ya miti, na ngozi hulowekwa kwa wiki kadhaa. Makubadhi ya Kolhapur kule India hutengenezwa hivyo, tena hushonwa kwa kamba za ngozi bila misumari. Jina lake lililindwa kisheria mwaka 2019, na mafundi wake walistahili kabisa.

Chungulia ukingo uliokatwa: ukiona usamawati au kijivu katikati, mara nyingi hiyo ni kromiamu. Kahawia mpaka ndani ni dalili nzuri, ingawa rangi nayo hudanganya. Soli iwe ya kushonwa, maana hubadilishwa ikilika. Halafu muulize fundi ngozi kaitoa wapi, kwani wengi hushona kwa ustadi mkubwa ngozi ya kiwandani.