Re: Rosela ni juisi tu au ni dawa ya presha kweli?

Mkuu umeuliza kama ukinywa rosela unaweza kuachana na vidonge vya presha. Usiache, hilo naliweka mwanzo kabisa. Ni kweli imefanyiwa utafiti na inaonekana inashusha presha kiasi, ila sasa ukichanganya na dawa bila daktari wako kujua presha inaweza kushuka kupita kiasi ukaanza kuona kizunguzungu. Na mjamzito aiache tu jamani.

Kwa jikoni sasa, hapo ndo utaipenda. Kile chekundu tunachokausha wala sio ua lenyewe, ni kile kikombe chenye nyama kinachobaki ua likishanyauka, ukikipasua kikombe hicho kikiwa kibichi katikati unakuta kibumba cha kijani kina mbegu, unakitoa. Kikombe kikiwa kibichi kinatoa jamu nzuri sana coz kina pektini yake chenyewe, yaani kile kitu kinachofanya jamu igande. Majani nayo ni mboga, yana uchachu flani mtamu.

Rosela iliyokaushwa ioshe kwanza maana huwa inabeba mchanga, chemsha maji lita moja na kipande cha tangawizi, zima moto ndo utie konzi moja ya rosela, funika dakika kumi hivi maji yanakuwa mekundu kama damu ya mzee, chuja. Usitumie sufuria ya alumini, ile asidi ya rosela inakula hiyo alumini na ladha inaharibika. Na sukari weka kidogo mno, kama unainywea presha halafu unamimina vijiko sita hapo unajiumiza mwenyewe.