Maswali ya Wasomaji: Siku Tatu Barcelona, Mchana na Usiku

SWALI: Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba hapa Kisumu. Mwezi wa Juni, Mungu akijalia, nitamtembelea dada yangu anayefanya kazi Barcelona, Uhispania, na kwa siku tatu nitakuwa peke yangu yeye akiwa kazini. Ninapenda majengo na sanaa, na sitaki kurudi bila kuuona mji huo usiku, lakini orodha nilizosoma zina mambo mengi mno. Nianzie wapi, na je, usiku ni salama?
Msomaji, Kondele

JIBU: Ndugu msomaji, ziweke orodha hizo kando. Kwa mtu wa kazi yako, majengo machache yaliyotazamwa kwa utulivu yatakufaa kuliko ishirini uliyoyapita mbio, na ndiyo maana nitakutajia machache tu.

Anza na kanisa la Sagrada Família. Ujenzi wake ulianza mwaka wa 1882. Msanifu majengo Antoni Gaudí alikabidhiwa kazi hiyo mwaka uliofuata, akaishughulikia hadi alipogongwa na tramu na kufariki mwaka wa 1926, naye amezikwa humo humo. Nunua tiketi mapema kwa intaneti, na uchague saa za alasiri. Vioo vya upande wa mashariki vina rangi za buluu na kijani, ilhali vya magharibi ni vyekundu na vya rangi ya machungwa, kwa hivyo jua linapoteremka, nguzo zile zinazotanda juu kama matawi ya miti hushika rangi ya makaa. Mimi nilikaa pale hadi shingo ikaniuma, na ningekaa tena.

Usiondoke kabla ya kuingia katika makumbusho yaliyo chini ya kanisa. Humo utaona mfano wa nyuzi zilizoning'inizwa zikiwa na vifuko vya uzani, njia ambayo Gaudí aliitumia alipolisanifu kanisa la Colònia Güell: uzi unaoning'inia na mzigo wake hujichorea wenyewe umbo ambalo, likipinduliwa, huwa tao linaloubeba mzigo huo bila kupindika. Utakapofika Casa Milà, nyumba ya ghorofa ya Gaudí huyo huyo iliyojengwa kati ya 1906 na 1912, panda hadi darini ukayaone matao 270 ya matofali yaliyotokana na fikra hiyo hiyo. Casa Batlló, nyumba yake nyingine ambayo haiko mbali, itazame kutoka barabarani. Tiketi zake ni ghali, na uso wake ndio uzuri wake.

Unapotembea mitaa hiyo ya Eixample, angalia pembe za majengo. Ildefons Cerdà, aliyeichora ramani yake mwaka wa 1859 baada ya kuta za mji wa kale kuanza kubomolewa, alizikata pembe zote ili kila njia panda iwe uwanja mdogo wenye mwanga, na alikusudia katikati ya kila kitalu pawe na bustani. Bustani nyingi zilimezwa baadaye na tamaa ya wenye viwanja, jambo ambalo sisi wa Kisumu tunalielewa bila kufafanuliwa.

Siku ya pili nenda mji wa kale, katika kanisa la Santa Maria del Mar, lililojengwa kati ya 1329 na 1383. Hamali wa bandarini waliyabeba mawe yake kutoka machimbo ya kilima cha Montjuïc, na sanamu zao ndogo, migongo ikiwa imeinama chini ya mizigo, zimewekwa kwenye mlango mkuu. Karibu yake kuna Makumbusho ya Picasso, ambayo hayatozi kiingilio Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, mradi umejiandikisha mapema. Tafuta chumba chenye picha alizochora mwaka wa 1957 akiurudia tena na tena mchoro mmoja wa Velázquez, mchoraji wa Kihispania wa kale.

Ama kuhusu usiku, Juni jua la huko huzama karibu saa tatu na nusu. Watu hula chajio saa tatu au saa nne, na kumbi za dansi hazijai kabla ya saa nane, basi lala kidogo mchana. Mimi ningeanzia viwanja vya mtaa wa Gràcia, kama Plaça del Sol, ambako wenyeji huketi na kuzungumza hadi usiku mwingi. Usalama ni wa kuridhisha, lakini wachopozi ni wengi mno katika barabara ya La Rambla na ndani ya treni, kwa hivyo pasipoti ibaki kwa dada yako nawe utembee na nakala, na simu usiiweke mezani. Treni za chini ya ardhi husimama saa sita usiku siku nyingi, na saa nane usiku wa Ijumaa. Usiku wa Jumamosi huendelea hadi asubuhi, na huo ndio ningeuwekea dansi.