Shangazi, nimeokoka miaka tisa, mbona bado ni mchanga?

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, na huu ni mwaka wa tisa tangu niokoke. Mwanzoni nilikuwa na moto: nikiomba machozi yananitoka, nikifungua Neno usingizi unakimbia. Siku hizi nafunga, sikosi mkesha, nafuata mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka, lakini moyo ni mkavu. Kuna dada ameokoka juzi tu, na tayari anaongoza maombi, watu wanamsifia. Mimi naona nimedumaa. (Halafu mimi na dada yangu wa damu hatuongei, mwaka wa pili huu. Alinitamkia mbele ya watu kwamba mama alikata roho mimi nikiwa mkeshani. Ila hilo nimeshamwachia Mungu.) Nifanyeje nikomae kiroho? Ni mimi, Mchanga Bado.*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama palepale, kwenye yale maneno uliyoyatia ndani ya mabano. Moto uliopoa umenieleza, mikesha umenihesabia, yule dada anayesifiwa hukumsahau. Mtoto wa mama yako umempa kipembe cha barua, kisha ukakifunga kwa kufuli: "nimeshamwachia Mungu." Nitalifungua kufuli hilo. Nivumilie.

Kwanza nikutoe hofu. Ukavu wa moyo peke yake si dalili ya kudumaa. Aliyeimba Zaburi ya 42 aliiuliza nafsi yake mwenyewe kwa nini imeinama, na wimbo wake tunao mpaka leo ndani ya Biblia. Machozi ya mwanzoni yalikuwa zawadi, na zawadi mtu hupewa. Hazikuwa kipimo cha kimo chako. Na huyo dada anayeongoza maombi, mwombee, umwache. Hajachukua chochote kilicho chako.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, uchanga. Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho unaanza kwa Paulo kumshukuru Mungu kwa ajili ya watu wale, na anasema hawakupungukiwa na karama yoyote. Walinena kwa lugha, walitoa unabii. Ungeingia kwenye ibada yao ungesema hapa ndipo penye moto. Lakini ukifika sura ya tatu, Paulo anawaita watoto wachanga, anawaambia aliwanywesha maziwa kwa sababu chakula kigumu kingewashinda. Akataja na ushahidi wake: kwao kuna husuda na fitina. Hakugusa urefu wa maombi yao. Aliangalia wanavyokaa wao kwa wao, akajua umri wao.

Ndiyo maana nasema kukua kwako hakujasimamia kwenye mpango wa kusoma. Kumesimamia mlangoni kwa dada yako.

Waebrania 5:14 inasema chakula kigumu ni cha watu wazima, "ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya." Kwa kutumiwa! Maneno hayo mawili huwa tunayapita mbio. Mtu hakomai kwa kuongeza anachokijua, anakomaa kwa kukitumia pale panapouma. Wewe msamaha umeufundishwa miaka tisa. Umeutumia wapi?

Nakuuliza hivyo nikijua uzito wake. Mimi nilifundisha watoto wa shule ya Jumapili kwa miaka mingi, na muda wote huo palikuwa na mtu kanisani nilikuwa nikimwona nabadili mlango wa kutokea. Nilikuwa na mistari ya kunitetea, tena mingi. Siku niliyomfuata na kumsalimia, magoti yalitetemeka kuliko siku niliyobatizwa.

Usidhani waliotutangulia walipanda tu bila kuteleza. Petro alihubiri siku ya Pentekoste, wakaongezeka watu wapata 3,000. Baadaye Antiokia alikuwa akila na watu wa Mataifa. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akaogopa, akajitenga. Paulo akampinga mbele ya wote, na kisa hicho kimeandikwa Wagalatia sura ya 2, kanisa lote linakisoma. Kuaibishwa hadharani unakujua, umeniandikia. Basi fungua Waraka wa Pili wa Petro, sura ya mwisho. Mstari wa 15 unasema "ndugu yetu mpenzi Paulo." Mistari mitatu mbele yake, waraka unafunga kwa agizo lile unalolitafuta wewe: "kueni katika neema." Mimi siwezi tena kuisoma mistari hiyo miwili nikiitenganisha.

Sasa neno gumu zaidi. Dada yako alikukosea kulisema lile mbele ya watu. Lakini je, ndani yake hamna ukweli hata kidogo? Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliotoa kwa Mungu kile kilichowapasa wazazi wao. Sisemi wewe ni wao, sikuwepo. Huenda hukujua mama amezidiwa, huenda ulikwenda kumwombea yeye. Nakuomba tu uliweke swali hilo mbele za Mungu bila wakili, maana nashuku ndilo linalokukausha, kila ukipiga magoti linakuwa limetangulia kukaa pale.

Kumwachia Mungu ni kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wako. Hili umeagizwa. Mathayo 5:24 inamwambia mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, akapatane kwanza na ndugu yake, ndipo arudi aitoe. Kwa hiyo wiki hii mpango wa Biblia uusimamishe. Mkesha unaofuata usiende. Nenda kwa dada yako.

Nenda peke yako, usibebe Biblia mkononi wala mchungaji ubavuni. Usianze na "hata wewe ulinikosea." Usimhubirie. Anaweza kukataa kukufungulia, Warumi 12:18 imekuachia nafasi hiyo iliposema "kama yamkini, kwa upande wenu." Upande wake si mzigo wako. Ila usihesabu kwamba umekataliwa kabla hujabisha hodi.

Na akifungua, akakuuliza umefuata nini baada ya miaka miwili, mwambie umekuja akusimulie usiku wa mwisho wa mama ulikuwaje. Yeye alikuwepo, na bila shaka ameubeba peke yake tangu siku ile. Kisha kaa kimya umsikilize mpaka amalize.